Wajibu wa Mbunifu kwa Jamii na Mazingira: Mwongozo Kamili wa Kuutekeleza Hatua kwa Hatua

Mbunifu hukaa mbali na mahali ambapo madhara ya kazi yake hutokea. Anayevuta vumbi kiwandani, anayeshindwa kusoma maandishi hafifu kwenye chupa ya dawa, na anayevunja kifaa kibovu kwa nyundo ili atoe shaba iliyomo ndani hawamjui, naye hawajui. Hata hivyo, mengi wanayokabiliana nayo yaliamuliwa mezani pake, siku alipochagua gundi badala ya skrubu, au rangi ya kijivu badala ya nyeusi. Mwongozo huu unahusu maamuzi ya namna hiyo, na umeandikwa kwa ajili ya wanaobuni vifaa, mavazi, majengo, vifungashio na programu.

Ninalolisisitiza ni jambo moja: wajibu ambao haukuandikwa kwenye mchoro, kwenye vipimo au kwenye mkataba hautafika kiwandani. Nia njema haisafiri pamoja na faili. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inaishia kwenye kitu kinachoandikwa, ili atakayeipokea kazi yako, hata kama hamjawahi kuonana, alazimike kukutana na uamuzi wako.

Hatua ya kwanza: uliza kabla ya kusaini

Mwaka 1964, mbunifu Ken Garland alichapisha jijini London tamko lililowataka wenzake wapeleke vipaji vyao kwenye mambo yenye manufaa ya kudumu kuliko matangazo ya bidhaa zisizo na maana, na mwaka 2000 tamko hilo lilifanywa upya na kutiwa sahihi na wabunifu wa kizazi kingine. Swali lao bado liko mezani: kazi hii inamfaa nani, na nani atailipia kwa afya yake au kwa ardhi yake?

Andika mapema, wakati huna mteja mbele yako, orodha fupi ya kazi ambazo hutazifanya. Ukisubiri mpaka ofa iwe mezani, fedha itakuandikia orodha hiyo. Ninafahamu kwamba mbunifu anayeanza, mwenye kodi ya nyumba inayomsubiri mwisho wa mwezi, hawezi kukataa kila kazi yenye dosari, na sioni haki kumbebesha yeye lawama ambayo kampuni kubwa zinaikwepa. Kwa kazi hizo za katikati, ambazo ndizo nyingi, wajibu wake unaanza katika hatua ya pili.

Hatua ya pili: ingiza maisha yote ya kitu kwenye hadidu za rejea

Hadidu za rejea ambazo mteja huleta kwa kawaida hueleza sura, gharama na tarehe. Mwombe muongeze mambo matatu: kitu hiki kinatakiwa kudumu miaka mingapi, kitatengenezwa na nani kikiharibika, na kitapelekwa wapi kikifa. Wateja wengi hawakatai. Hawajawahi kuulizwa tu.

Baada ya hapo chora mstari wa maisha yake, kuanzia malighafi, utengenezaji, usafirishaji, matumizi, hadi mwisho. Viwango vya kimataifa vya ISO 14040 na ISO 14044 vinaeleza namna ya kufanya tathmini hiyo kwa ukamilifu, lakini hata karatasi moja yenye makadirio itakuonyesha mzigo mkubwa uko wapi, na hapo ndipo nguvu zako zinapotakiwa kwenda. Jokofu huharibu mazingira zaidi wakati linapotumika, kwa sababu linakula umeme usiku na mchana kwa miaka mingi, hivyo unene wa kizuizi joto na ubora wa mpira wa mlango vina uzito kuliko sanduku la kufungashia. Simu ya mkononi ni kinyume chake: sehemu kubwa ya hewa chafu inayohusiana nayo huwa imeshatoka kabla haijawashwa mara ya kwanza, wakati wa kuchimba madini na kutengeneza vipande vyake vya kielektroniki. Kupunguza umeme wa simu ni jambo jema, lakini kuifanya iishi miaka sita badala ya mitatu ni jambo kubwa zaidi. Kiti cha mbao nacho hakili umeme kabisa, na sifa yake ya kimazingira inategemea asili ya mbao na muda kitakaodumu.

Unapolinganisha chaguo mbili, linganisha kazi inayofanyika, usilinganishe kitu na kitu. Kikombe cha karatasi ni chepesi kuliko cha udongo, lakini swali la haki ni vikombe vingapi vya karatasi vitahitajika kunywesha vinywaji mia tano, na kikombe kimoja cha udongo kitaoshwa kwa maji na joto kiasi gani kufanya kazi hiyo hiyo. Mara nyingi jibu hubadilika hapo, na ni afadhali likubadilikie wewe ukiwa na penseli kuliko mteja akiwa na shehena bandarini.

Hatua ya tatu: tafuta watu ambao mchoro wako umewasahau

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani mtu mmoja katika kila sita, wanaishi na ulemavu wenye athari kubwa katika maisha yao. Ukiongeza wazee, wajawazito, watoto, wasiojua kusoma na mtu yeyote aliyevunjika mkono wiki iliyopita, yule "mtumiaji wa kawaida" anayetajwa kwenye mikutano anakaribia kutoweka.

Kusahauliwa huko si usumbufu mdogo. Kipima oksijeni kinachobanwa kidoleni hufanya kazi kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi, na rangi ya ngozi huathiri mwanga huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba, kwa wagonjwa Weusi waliotazamwa, kifaa hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa Weupe. Kifaa kilisoma namba nzuri wakati damu ya mgonjwa ilikuwa na oksijeni kidogo. Aliyekibuni huenda hakuwa na chuki yoyote moyoni; alikosa tu kusisitiza, kwa maandishi, kwamba vidole vya kujaribia viwe vya ngozi za kila rangi.

Kwa hiyo andika kwenye mpango wa kazi nani watajaribu sampuli, na anza na wale ambao kitu chako kinaweza kuwashinda. Watu watano au sita waliochaguliwa vizuri wanafundisha mengi. Nenda wanakokitumia kitu, kaa pembeni, tazama mikono yao kuliko kusikiliza maneno yao, kwa sababu watu wana adabu na watakuambia kizuri hata wakati kidole gumba kinatetemeka kwenye kifuniko. Usiwasaidie. Dakika ambayo ungetamani kunyoosha mkono na kuwaonyesha ndiyo unayopaswa kuiandika. Walipe muda wao, kama unavyomlipa mhandisi anayekushauri.

Faida ya kazi hii huwafikia wengi kuliko uliokusudia. Mwaka 1990, nchini Marekani, Sam Farber alileta sokoni vyombo vya jikoni vya OXO vyenye vishikio vinene vya mpira laini, baada ya kumwona mkewe mwenye ugonjwa wa viungo akipata taabu kumenya kwa kisu cha kishikio chembamba cha chuma. Kishikio kilichotafutwa kwa mkono wenye maumivu kilipendwa na mikono yote.

Kwenye skrini na karatasi, yapo mambo yanayopimika, na sioni sababu ya mbunifu kuyaacha. Viwango vya WCAG, vya kuwezesha watu wote kutumia tovuti, vinavyotolewa na W3C, taasisi inayoweka viwango vya wavuti, vinataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1. Chukua kijivu chenye msimbo #777777 uandikie juu ya nyeupe: kipimo kitatoa 4.48, yaani umeshindwa. Kipunguze hadi #767676, hatua moja ambayo jicho lako haliwezi kuitambua, nacho kitatoa 4.54. Mfano huu unafundisha kwamba jicho la mbunifu kijana, mbele ya skrini ghali, katika chumba chenye mwanga mzuri, si chombo cha kupimia. Tumia kikokotoo. Vilevile usiache rangi peke yake ibebe maana. Ukiandika kosa kwa nyekundu, weka na neno au alama, kwa kuwa takriban mwanamume mmoja katika kumi na wawili miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini hatofautishi rangi sawasawa, na wengine wapo kila mahali.

Hatua ya nne: chagua malighafi kwa kuuliza itakutana na nini

Malighafi haina wema wala ubaya ikiwa peke yake. Alumini inayotokana na madini mapya hula umeme mwingi mno, ilhali kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati hiyo. Plastiki ya PLA, inayotokana na wanga wa mimea, huuzwa kwa sifa ya kuoza, lakini huoza vizuri katika mitambo ya mboji yenye joto la nyuzi 60 hivi. Ikitupwa shimoni au baharini hukaa muda mrefu kama plastiki nyingine, na ikichanganyika na chupa za PET, ile plastiki ya chupa za maji na soda, huharibu urejelezaji wake. Usiandike "inaoza" kwenye kifungashio ambacho hakitafika kwenye mtambo wa namna hiyo.

Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilikadiria kwamba ni asilimia 9 tu ya taka za plastiki duniani zilizorejelezwa mwaka 2019. Sehemu ya sababu iko mikononi mwetu. Chupa ya PET iliyovalishwa lebo ya plastiki ya PVC, trei nyeusi iliyotiwa rangi ya kaboni ambayo mashine za kuchambua haziioni kwa mwanga wao wa infraredi, kitambaa kilichochanganya pamba na poliesta katika uzi mmoja: vyote hivi vilichaguliwa na mtu. Tumia aina moja ya plastiki pale inapowezekana, ipige chapa ya namba ya aina yake kwenye kalibu, na lebo iwe ya aina ile ile au itoke kwa urahisi.

Usalama nao upo hapa. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, watu 72 walipoteza maisha kwa moto katika jengo la Grenfell Tower mjini London, ambalo kuta zake za nje zilikuwa zimevalishwa mabati ya alumini yenye tabaka la polithini katikati. Tabaka hilo ndilo lililobeba moto hadi juu. Jengo lilikuwa limekarabatiwa ili lihifadhi joto na lipendeze, malengo ambayo mbunifu yeyote angeyaunga mkono. Soma karatasi ya maelezo ya kiufundi mwenyewe, dai matokeo ya majaribio ya muundo mzima jinsi utakavyojengwa, na usitosheke na cheti cha tabaka moja lililojaribiwa peke yake.

Hatua ya tano: amua kiungo kitafunguliwa vipi

Hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa viungo ndivyo vinavyoamua maisha ya kitu, na ndivyo vinavyoamuliwa kwa haraka zaidi.

Chukua tochi ndogo ya kuchaji ambayo haiwaki tena, uiweke mezani. Kwa kawaida utakuta mwili wa plastiki usio na skrubu hata moja. Nusu mbili zimeunganishwa kwa joto, na mstari wa muunganiko unaonekana kama uzi mwembamba pembeni. Hakuna bisibisi itakayoingia. Unapoukata kwa kisu, plastiki inapasuka, na ndani unaona kwamba taa yenyewe ni nzima, sakiti ni nzima, swichi inabonyea vizuri. Kilichokufa ni betri moja ya lithiamu, nayo imechomelewa vibati vidogo pande zote mbili. Kipande kimoja kilichochakaa kimebeba vipande vingine vyote kwenda navyo kaburini, kwa sababu ya kiungo kimoja.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba kitakachokufa mwanzo kifikiwe mwanzo. Andika vipande vyote vya kitu chako kwa mpangilio wa kuchakaa, betri, mpira, bawaba, waya wa kuingilia, soli, zipu, kisha hesabu ni hatua ngapi za kufungua zinahitajika kukifikia kila kimoja. Ikiwa betri iko hatua ya tisa na bodi isiyoharibika iko hatua ya pili, geuza mpangilio. Tumia aina moja ya skrubu, yenye kichwa ambacho fundi yeyote ana bisibisi yake, na pale skrubu itakapofunguliwa mara nyingi ndani ya plastiki weka kipande kidogo cha shaba chenye uzi wa skrubu ndani yake ili uzi huo usilike. Gundi iachie sehemu ambazo hazitaguswa kamwe. Kwenye vazi, acha akiba ya kitambaa kwenye mishono, na mshono wa zipu uweze kufumuliwa bila kugusa bitana.

Kisha pima. Mpe sampuli fundi ambaye hajawahi kuiona, washa saa, umwombe abadilishe kile kipande cha kwanza. Akimaliza kwa dakika tano bila kuvunja kitu, andika kwenye vipimo kwamba dakika tano ndicho kikomo, ili atakayebadilisha muundo baadaye ajue anachovunja.

Serikali zimeanza kuyadai haya kwa sheria. Ufaransa ilianza Januari 2021 kutaka bidhaa kadhaa, zikiwemo simu janja na kompyuta za mapajani, zioneshe pale zinapouzwa alama ya urahisi wa kutengenezwa zikiharibika. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 20 Juni 2025, unawataka watengenezaji wa simu janja wahakikishe vipuri muhimu vinapatikana kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na tarehe 18 Februari 2027 utaanza kutaka betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Hitaji hilo lina sababu: mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Hatua ya sita: mfikirie anayeshika kitu kabla ya mteja

Suruali ya jinzi inayouzwa ikiwa imepauka magotini ilipaukishwa na mtu. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa kupuliza mchanga kwa shinikizo juu ya kitambaa, na wafanyakazi, wengi wao vijana, walivuta vumbi la silika lililowaletea silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Uturuki ilipiga marufuku njia hiyo mwaka 2009, baada ya vifo. Ninaurudia mfano huu kila ninapoweza kwa sababu hakuna hitaji lolote la mvaaji lililokuwa likitimizwa; ulikuwa ni mwonekano tu, uliochorwa na mbunifu kwa mistari michache ya penseli. Kwa kila umaliziaji unaoagiza, iwe rangi, kung'arisha, kupaukisha au kunakshi, uliza unafanywa kwa mkono wa nani, kwa kemikali gani, na kwa kinga ipi, na jibu uliandike kando ya mchoro.

Ratiba yako nayo ni sehemu ya mazingira ya kazi yao. Jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh lilipoanguka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua zaidi ya watu 1,100, nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na wafanyakazi wa viwanda vya nguo vilivyokuwamo waliamriwa kurudi kazini. Mbunifu hakulijenga jengo lile. Lakini anayebadilisha rangi ya kola wiki mbili kabla ya shehena kuondoka, bila kusogeza tarehe, huongeza shinikizo lile lile linalomfanya msimamizi aogope kuchelewa kuliko anavyoogopa ufa. Weka tarehe ya mwisho ya mabadiliko, na uiheshimu wewe mwenyewe.

Hatua ya saba: usibuni mtego

Hii ni fupi, kwa kuwa haina utata. Mwaka 2010 Harry Brignull, mbunifu wa programu, aliupa jina la "dark patterns", na kuanza kuukusanyia mifano, ubunifu wa kiolesura, yaani skrini na vitufe vya programu, unaomhadaa mtumiaji: kitufe cha kujitoa kilichofichwa, kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama ya kukubali, saa inayohesabu kurudi nyuma bila sababu. Hesabu hatua za kujiunga na hatua za kujitoa, zikipishana, sawazisha. Mpe mtu asiyehusika asome swali lako la ridhaa, kisha akueleze kwa maneno yake amekubali nini. Akikosea, aliyekosea ni wewe.

Hatua ya nane: linda uamuzi wako usibadilishwe kimyakimya

Katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, tarehe 17 Julai 1981, njia mbili za juu zilizoning'inizwa kwenye ukumbi ziliwaangukia watu na kuua 114. Muundo wa awali ulikuwa na nondo ndefu zilizoshuka kutoka darini na kubeba njia zote mbili. Wakati wa utengenezaji nondo hizo zilibadilishwa kuwa mbili fupi, ya chini ikining'inia kwenye boriti ya njia ya juu, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi kutengeneza. Kwa badiliko hilo, nati zilizo chini ya boriti ya juu zilibeba uzito maradufu. Michoro ilipitishwa bila mtu kurudia hesabu ya kiungo hicho, na wahandisi waliohusika baadaye walifutiwa leseni zao.

Mabadiliko ya namna hiyo, madogo na yenye nia ya kurahisisha, hutokea katika kila kazi, na ndiyo yanayofuta skrubu na kurudisha gundi. Weka kwenye mkataba kifungu kama hiki: "Badiliko lolote la malighafi, kiungo au umaliziaji halitatekelezwa kabla mbunifu hajalikubali kwa maandishi, na ombi la badiliko litaeleza athari zake kwa usalama, utengenezekaji na mwisho wa bidhaa." Kando ya kila uamuzi muhimu kwenye mchoro andika sababu yake kwa sentensi moja. "Skrubu, isiwe gundi: betri hubadilishwa baada ya miaka 3." Mnunuzi wa kiwanda anayetafuta nafuu ataifikiria mara mbili sentensi hiyo, mchoro usio na sababu ataubadilisha bila kuona vibaya.

Hatua ya tisa: fuatilia kitu kikishatoka

Omba, kabla ya malipo ya mwisho, haki ya kupokea taarifa za vifaa vinavyorudishwa, pamoja na vifaa vyenyewe vichache kila baada ya miezi sita. Piga chapa ya mwezi na mwaka ndani ya kila kipande ili ujue kimeishi muda gani. Kinaporudi cha kwanza kilichovunjika, kifungue mwenyewe kwa bisibisi uliyoitaja kwenye vipimo, andika ni kipande gani kimekufa na kilikuwa hatua ya ngapi, kisha ulinganishe na ule mpangilio wa kuchakaa uliouandika mwanzoni. Palipotofautiana, ndipo toleo linalofuata linapoanzia.